Karanga za Nachingwea Zisipandwe Tena

Miaka hii yasikika sana, katika mikutano ya wakubwa na katika hotuba za wafadhili, habari ya kuisaidia miji ipange na igharimie maendeleo yenye hewa ukaa kidogo. Maana yake si ngumu. Mji ukue, watu wake wapate taa, maji, usafiri na nishati ya kupikia, lakini isiwe kwa kuteketeza misitu na kuijaza anga moshi. Hatusemi kwamba kila dhoruba yatokana na moshi huo, lakini wataalamu wametuonya kuwa bahari ikizidi joto huvipa vimbunga nguvu, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoifikia Mafia na pwani ya kusini, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika, na mikoa miwili ya bara ikaonja maisha ya kisiwa kisicho na meli. Kwa hiyo na shabaha yenyewe hatuna ugomvi. Tunalo neno juu ya mji unaokusudiwa.

Aghalabu, msaada wa namna hii unapotajwa, mji ni Dar es Salaam na mabasi yake yaendayo haraka yaliyoanza mwaka 2016, au ni jiji jingine lenye ofisi kubwa na wataalamu wa kujaza fomu. Mwaka 2020 Ujerumani na Luxembourg, pamoja na Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, walianzisha mfuko wa kuisaidia miji ya nchi changa katika hatua za mwanzo za kupanga, kabla fedha za ujenzi hazijatafutwa. Ni jambo jema. Hapa kwetu mradi mkubwa wa miji unaojulikana kwa jina la TACTIC umeyachagua majiji, manispaa na halmashauri za miji 45. Hilo nalo ni jema. Lakini Nachingwea ni halmashauri ya wilaya, na Ruangwa, iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, ni halmashauri ya wilaya vilevile. Makao makuu yao ni miji midogo inayokua mbele ya macho yetu, nyumba baada ya nyumba na kibanda baada ya kibanda, na katika daftari la wenye fedha bado inahesabiwa kuwa shamba.

Msomaji wetu wa Wete, wa Mkoani au wa Kilindoni atauliza yanamhusu nini mambo ya Lindi vijijini. Yanamhusu, kwani mji wake nao ni mdogo, nao huachwa mlangoni mara nyingi wakati jiji linapokaribishwa ndani. Tena yapo mambo ambayo mtu wa visiwani ameyajifunza kwa gharama yake, na wa bara hana budi kuyasikiliza. Tutayafikia.

Kwanza tuitazame Nachingwea, maana hakuna mji katika nchi hii unaojua zaidi yale yawezayo kutokea mpango mkubwa unapoletwa na fedha nyingi. Mwaka 1946 wataalamu watatu wa Kiingereza, wakiongozwa na John Wakefield, walizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ya kazi yao wakiifanya kutoka ndani ya ndege, kisha wakaandika kuwa ekari zaidi ya milioni 3 za Afrika ya Mashariki na jirani zake zaweza kulimwa karanga kwa mashine. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita. Mwaka 1947 kazi ikaanza, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matingatinga yakaletwa, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Bandari yenye kina ikajengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kutoka pwani hadi Nachingwea, ili izibebe karanga ambazo bado hazijaota.

Hazikuota za kutosha. Kongwa mvua ilikuwa haba, na udongo, jua lilipowaka, uligeuka saruji. Nachingwea msitu ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana kutoka angani. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni kama milioni 36 za walipa kodi wa Kiingereza zikaandikwa kuwa hasara. Hasara ya watu wa Nachingwea haikuandikwa popote. Msitu ulikuwa umekwisha kung'olewa. Reli nayo, kwa kuwa hapakuwa na shehena ya kutosha kuilipia, ilifungwa mwaka 1962 kisha ikang'olewa, na tangu siku hizo korosho na ufuta wa wilaya hizi hupanda lori. Leo tunafundishwa, na ni kweli, kwamba treni hubeba tani moja kwa mafuta machache kuliko lori. Nachingwea ilikuwa na treni miaka zaidi ya 60 iliyopita.

Wenye kuleta mipango ya hewa ukaa kidogo si wakoloni, nasi hatuna nia ya kuwasingizia. Lakini tabia ya mpango uliopangwa mbali yafanana kokote utokako: huanza na kile anachokihitaji mwenye fedha, na baadaye ndipo hutafutwa mwenyeji wa kukibeba. Mwaka 1947 kilichohitajiwa kilikuwa karanga. Leo kinachohitajiwa ni kinywe.

Madini ya kinywe, yaani yale meusi yatumikayo katika kalamu za risasi, ndiyo yatumikayo pia katika betri za magari ya umeme, na gari moja hutaka makumi ya kilo. Sehemu kubwa ya kinywe cha dunia hutoka China, na nchi hiyo ilipoweka masharti ya kuyauza nje kuanzia Desemba 2023, macho ya wengine yakageukia kwingine. Ruangwa inayo, Matambalale kwenye mradi wa Lindi Jumbo, na Chilalo. Nachingwea inayo nikeli, katika vilima vya Ntaka. Basi tazameni mambo yalivyo: ili miji ya Ulaya iendeshe magari yasiyo na moshi, yatachimbwa madini katika wilaya ambayo mama lishe wake bado anachochea mkaa, na lori la dizeli litayabeba mpaka bandarini likipita mbele ya meza yake.

Hatupingi uchimbaji. Tunauliza mji utakuwa wapi wachimbaji watakapokuja kwa wingi. Madini huvuta watu, watu huvuta vibanda, na vibanda vikisimama kabla ya ramani, barabara hupindishwa, mtaro hukosa pa kupita, na kila bomba la maji hugharimu mara mbili. Kazi ya kwanza ya mji wenye hewa ukaa kidogo, kwa maoni yetu, wala si mitambo ya jua. Ni kupima viwanja. Mji uliopimwa, ambao mtu aweza kutembea kwa miguu au kwa baiskeli kutoka nyumbani hadi sokoni na hospitalini, huokoa mafuta kila siku bila ya kuomba msaada kwa mtu. Mji uliotawanyika humlazimisha kila mtu kupanda bodaboda hata kwenda kununua chumvi. Na upimaji ni kazi ya bei nafuu ikifanywa mapema. Ikichelewa hugeuka kazi ya fidia na kesi.

Yafuata moto wa jikoni. Tanuri la kienyeji laweza kula kilo sita hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa. Serikali ilizindua mwezi Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao shabaha yake ni kuwafikisha Watanzania asilimia 80 katika nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni shabaha kubwa, nasi twaiunga mkono, ila twaomba maofisa wasiifanye kuwa sherehe za kugawa mitungi. Mtungi wa kwanza hupokewa kwa makofi. Ni wa pili, unaotakiwa kujazwa kwa fedha za mtu mwenyewe katika mwezi ambao korosho haijauzwa, ndio unaopima mkakati. Shule zenye bweni, chuo cha ualimu, hospitali, hawa ndio wa kuanza nao, kwani wana bajeti inayojulikana, na jiko moja la taasisi huokoa kuni nyingi kuliko majiko ya mtaa mzima. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 katika mkoa huu huu wa Lindi. Bomba lake lilielekea Dar es Salaam, na bomba kubwa la Mtwara, lililokamilika mwaka 2015, likaelekea huko huko. Gesi nayo si safi kabisa, twajua, lakini si haki mkoa unaoitoa uwe wa mwisho kuipikia.

Na misitu? Hapa wilaya hizi zina cha kufundisha. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kijiji chaweza kuwa na msitu wake cha kuulinda na kuuvuna kwa mpango, mapato yakabaki kijijini. Kuanzia mwaka 2018 mradi wa FORVAC, uliogharimiwa na Finland, ulifanya kazi hiyo Liwale, Nachingwea na Ruangwa. Mji unaotaka sifa ya kutunza anga hauna budi kuvihesabu vijiji hivyo kuwa sehemu ya mpango wake, maana mkaa wa mjini hutoka kwao.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako maneno matamu hukoma. Februari 2024 Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya Sh 53.12 bilioni, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Ilinunuliwa ikapita kiasi kilichoombwa. Halikuwa jiji lililokopa, wala haikuwa Hazina. Ilikuwa mamlaka ya maji, na deni lake linalipwa kwa ankara za wateja wake. (Kwa wasomaji ambao neno riba haliwakai vizuri moyoni, mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua Sukuk, na njia hiyo nayo yafaa kutazamwa na halmashauri za bara.) Siri ya Tanga ilikuwa daftari: vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa mwaka baada ya mwaka, na wateja wanaolipa.

Nachingwea peke yake haiwezi kufanya hivyo leo, na Ruangwa vilevile. Mapato yao hupanda na kushuka na korosho. Msomaji atakumbuka mwaka 2018, wakulima walipokataa bei za mnada na Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo. Mwenye fedha hampendi mkopaji wa namna hiyo. Lakini wilaya hizi hazikuanza leo kushirikiana. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wana chama kikuu chao, RUNALI, wanakouzia pamoja. Masasi na Nachingwea, wilaya za mikoa miwili, zinakunywa chini ya mamlaka moja ya maji, MANAWASA, kutoka Mbwinji. Kama watu wameweza kuunganisha maji na korosho, kinachozuia kuunganisha mpango wa miji ni nini? Halmashauri mbili zikiwa na ofisi moja ya wapimaji, dampo moja linalosimamiwa vizuri na andiko moja la kuombea fedha zinaweza kusikilizwa mahali ambapo kila moja peke yake ingejibiwa kwa barua ya adabu.

Ruangwa ilikuwa na bahati yake. Kwa miaka 10, kuanzia Novemba 2015, mbunge wake, Ndugu Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu. Yapo yaliyofanyika katika muda huo ambayo wilaya nyingine ziliyatamani. Muda huo umepita, na sasa Ruangwa itasimama katika foleni pamoja na wengine, ikiwa na karatasi zake mkononi au haina.

Tuliahidi somo la visiwani. Waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba uliwekwa mwaka 1980. Ulikuwa mradi wa kujivunia. Lakini vifaa huchakaa, na mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kama mwezi mzima, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, mpaka waya mpya wa megawati 100 ulipozinduliwa mwaka 2013. Kila aliyekuwako anakumbuka ngurumo za jenereta Darajani na bei ya barafu Malindi. Wakati wa kujenga kila mtu yupo. Wakati wa kubadilisha kilichochakaa hayupo mtu. Taa za jua za barabarani zina betri, na betri hufa. Basi wajumbe wa mabaraza ya madiwani watakapoletewa taa hizo kuwa zawadi, wawaulize wafadhili mbele ya wananchi betri ya pili italipiwa kwa fungu gani, na jibu liandikwe katika muhtasari.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai mosi, na makisio huandaliwa miezi mingi kabla. Kwa sheria ya madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, kampuni ya uchimbaji hutakiwa kila mwaka kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa huduma kwa jamii. Twapendekeza kuwa katika mpango ujao, kabla ya madarasa na kabla ya jezi za mpira, iwekwe fedha ya kupima viwanja kuzunguka Matambalale na mji wa Ruangwa, na Nachingwea ialikwe kwenye kikao hicho tangu siku ya kwanza.