Waya wa Boti Si Waya wa Nyumba

Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tunaitia kwenye insha, mwalimu anaweka alama ya vyema, yamekwisha. Lakini hebu mwulize mwanafunzi wa Gachoka ngama ni kitu gani, utamwona akitazama dari. Haya basi. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na ngama ni pale chini kabisa, ndani, ambapo maji yote yanayoingia chomboni hukusanyika. Maji hayo yasipofuliwa, chombo huzama. Ni hivyo tu.

Utasema, bahari iko mbali, hayo yatuhusu nini? Bahari iko mbali, naam, ila maji hayako mbali. Mto Tana unatupitia hapa chini na umezibwa mara tano mfululizo: Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Ziwa la Masinga peke yake, likijaa, lina eneo la kilomita mraba zipatazo 120. Humo kuna wavuvi, na kuna boti za injini zinazotembeza wageni. Tena humo kuna viboko na mamba. Kwa hivyo boti ikikatika umeme katikati ya ziwa saa moja ya jioni, taa zimezima na pampu ya ngama imenyamaza, usimwambie mtu aogelee.

Likizo iliyopita nilipata kazi ya kumshikia tochi fundi mmoja aliyekuwa aking'oa nyaya zote za boti ya faiba yenye urefu wa mita 5 na ushei ili aweke mpya. Niliyoyaona na kuyauliza ndiyo nataka kuyaeleza hapa, manake watu wengi hudhani umeme ni umeme, na waya ni waya. La hasha.

Nyaya za zamani zilikuwa zile za nyumba. Kwa nje plastiki yake ilikuwa safi kabisa, nyekundu na nyeusi, ungedhani zimetoka dukani jana. Fundi alichukua kisu, akamenya inchi moja karibu na pampu. Shaba ilikuwa nyeusi tititi. Akakata mbele kidogo, akamenya tena: nyeusi. Akaendelea hivyo karibu mita nzima. "Unaona, kijana? Maji yamepanda ndani kama mafuta ya taa kwenye utambi," akaniambia. Na hivyo ndivyo ilivyo. Maji huingia pale ncha ilipoachwa wazi, yakasafiri chini ya plastiki bila kuonekana. Shaba ikigeuka nyeusi au ikaota ukoga wa kijani, viungo havigusani sawasawa, ukinzani huongezeka, na penye ukinzani mkubwa na mkondo mkubwa pana joto. Hapo ndipo moto wa boti unapoanzia mara nyingi, si kwa radi wala kwa uchawi.

Sasa tuje kwa waya wenyewe. Waya wa boti una sifa mbili, na kila moja ina sababu yake. Ya kwanza, lazima uwe wa nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja, si ule wa uzi mmoja mgumu tunaopitisha ukutani. Ukuta hautikisiki. Boti hutikisika na injini kila dakika, na ugumu wa uzi mmoja huufanya ukatike kama vile unavyokata waya kwa kuupinda huku na huku. Ya pili, kila unyuzi uwe umechovywa katika bati. Bati hapa si mabati ya paa, jamani! Mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki. Bati ni ile metali nyeupe, laini, ambayo tangu zamani watu wameitumia kulehemu. Ngozi hiyo nyembamba ya bati huzuia maji na hewa yasiile shaba.

Kuna wasemao kuwa bati ni la baharini kwenye chumvi, na kwamba sisi wa maji baridi hatulihitaji. Wana ukweli nusu. Chumvi hula shaba upesi kuliko maji ya Tana, hilo halina ubishi. Ila waya unaolala ngamani uko kwenye unyevu mwaka mzima, na zile nyaya nyeusi nilizoziona mimi hazikuwahi kuonja chumvi. Kwa maoni yangu, kama fedha ni chache, nyuzi nyingi ni sharti kila mahali, na bati ni sharti kwa pampu ya ngama, taa za safari na nyaya nene za betri. Redio ya muziki inaweza kungoja.

Kuupata ndio mtihani. Kiritiri huupati. Embu mjini utapata waya wa nyumba na waya wa gari. Huu wa gari angalau una nyuzi nyingi, lakini kwa kawaida hauna bati. Nairobi, watu hukimbilia Kirinyaga Road kwenye vipuri vya magari au Luthuli Avenue kwenye vifaa vya elektroniki, na waya mwingine hapo ni mzuri, lakini uende na macho yako. Penye boti nyingi ndipo penye waya wa boti: Mombasa, Mtwapa, Kilifi. Mtu akiwa na jamaa huko Pwani, amwagize, waya utakuja kwa basi.

Lakini aende na macho kwa sababu gani? Kwa sababu kuna nyaya mbili zinazofanana na zilizo kinyume kabisa. Mmoja ni shaba iliyopakwa bati: nje nyeupe kama fedha, ndani nyekundu. Wa pili ni alumini iliyopakwa shaba: nje nyekundu, ndani nyeupe. Huu wa pili huuzwa rahisi, na muuzaji atakuapia kuwa ni shaba tupu. Chukua unyuzi mmoja, uukwangue kwa wembe. Ukitoka mweupe nje ukawa mwekundu ndani, umepata. Ukitoka mwekundu nje ukawa mweupe ndani, rudisha. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi tu ya shaba, hukatika haraka, na kwenye unyevu huliwa upesi mno inapogusana na shaba. Njia nyingine ni kupima uzito mkononi: shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini, kwa hivyo rola la waya linaloruka mkononi kama pamba, lishuku. Fundi wangu alifanya hivyo mbele ya muuzaji. "Mzee, hii waya ni original," muuzaji akasema. Fundi akamwonyesha wembe. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jambo jingine dukani ni namba. Waya wetu hupimwa kwa milimita mraba: 1.5, 2.5, 4, na kadiri namba inavyopanda ndivyo waya unavyonenepa. Waya wa boti kutoka Marekani, ule ulioandikwa UL 1426 ubavuni, hupimwa kwa geji, na geji huenda kinyume. Namba 16 ni mwembamba, namba 10 ni mnene. Namba 14 ni kama milimita mraba 2, namba 12 ni kama 3.3, na namba 10 ni zaidi kidogo ya 5. Mtu asiyejua hilo hununua 16 akidhani amepata jitu.

Unene uhesabiwe vipi? Hapa ndipo somo la Fizikia linapolipa karo yake. Betri ya boti ni ya volti 12 tu, si 240 kama nyumbani, kwa hivyo hata volti moja ikipotea njiani ni hasara kubwa. Tuseme pampu inavuta ampea 5 na iko mita 6 kutoka kwenye betri. Usihesabu mita 6! Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 12. Ukinzani wa shaba ni takriban 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita mraba 1. Chukua 0.0175, zidisha kwa 12, gawanya kwa unene. Waya wa 1.5 utakupa omu 0.14, na ampea 5 zikipita hapo volti 0.7 zinapotea, karibu asilimia 6. Waya wa 4 unapoteza volti 0.26 hivi, yaani asilimia 2 na kitu. Kanuni inayofuatwa na waundaji boti ni kwamba vitu vya kuokoa maisha, kama pampu na taa za safari, visipoteze zaidi ya asilimia 3. Basi 1.5 imeanguka mtihani, na hata 2.5 imeanguka kwa alama chache. Nunua 4.

Mafundi wa magari ni hodari, ila wana mazoea mawili ya kuwaachia barabarani. Zoea la kwanza ni arthi ya bodi. Kwenye gari waya mmoja wa moto unatosha, umeme unarudi kwa bodi ya chuma. Boti ya faiba haina bodi ya kurudisha kitu. Na boti ya chuma au alumini ukiifanya hivyo, umeme utaila kama mchwa. Kila kifaa kiwe na nyaya zake mbili: nyekundu ya kwenda, na nyeusi au njano ya kurudi. Wamarekani hupendelea njano kwa sababu kwao nyeusi kwenye umeme wa nyumba ndiyo yenye moto, na mtu akichanganya hapo hapati nafasi ya kusahihisha.

Zoea la pili ni fyuzi ya kiraka. Fyuzi ikiungua, mtu anakunja karatasi ya sigara yenye kung'aa, au anachomeka kipande cha waya, safari inaendelea. Fyuzi haipo kwa ajili ya taa wala pampu, ipo kwa ajili ya waya, ili fyuzi iungue kabla waya haujawaka. Ndiyo maana inakaa karibu na betri, isizidi sentimita 20 hivi. Ukiiweka mbali, kipande chote cha kabla yake hakina mlinzi. Tena petroli ikivuja, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka na kulala ngamani palepale penye pampu. Cheche moja inatosha. Kabla ya kuwasha chochote, funua, nusa, acha hewa ipite.

Kufunga kwenyewe hakuna mengi. Viungo viwe juu, mbali na maji ya ngama. Ncha zibanwe kwa koleo la kubania, kisha zivalishwe mpira wenye gundi unaonywea kwa joto. Kulehemu peke yake hakutoshi, kwa sababu risasi huufanya waya mgumu na mtikisiko huukata pale ugumu unapoishia. Waya ushikizwe kila baada ya sentimita 45, na pale unapopita kwenye tundu uvalishwe mpira. Swichi kuu izime kila kitu isipokuwa pampu: hiyo, pamoja na kiboya chake kinachoiwasha maji yakipanda, ipate njia yake ya moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi yake. Boti huingiza maji hata ikiwa imefungwa gatini usiku na mwenyewe amelala.

Sheria nayo ipo. Halmashauri ya Bahari ya Kenya, iliyoundwa mwaka wa 2004, kazi yake si meli za Mombasa tu. Vyombo vya maziwani vimo pia katika usimamizi wake.

Siku ya kumaliza, fundi hakuwasha taa akashangilia. Alipima betri kwanza, ikasoma 12.6. Akamwaga ndoo mbili za maji ngamani, kiboya kikainuka, pampu ikaanza kunguruma. Maji yakiwa yanatoka, akapima tena, mara hii kwenye ncha za pampu yenyewe: 12.2. Akapima betri palepale pampu ikivuta: 12.4. Tofauti ni 0.2. Akaandika tarakimu hizo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha sanduku la fyuzi, pamoja na tarehe, ili atakayefungua mwaka ujao ajue waya ulianzia wapi.