Mwenyeji akichapwa, mgeni haondoki

Kila taarifa ya habari inapotaja makundi ya wapiganaji kama ADF, FDLR au al-Shabaab, naulizwa swali lile lile. Naulizwa kwenye semina pale AICC, Arusha, naulizwa kwenye daladala ya Usa River, naulizwa hata msibani: "Mwalimu, kwa nini wasiichape tu hiyo nchi inayowafuga? Ikiumia, itawafukuza yenyewe." Kwa muda mrefu nimelijibu kwa upole. Sasa nimechoka, maana wanaouliza ni Watanzania, na nchi iliyochapwa kwa kuwafuga waasi wa jirani iliwahi kuwa yetu.

Tuanze na 1972. Rais wa Uganda, Milton Obote, alipinduliwa na Idi Amin Januari 25, 1971, Mwalimu Nyerere akampokea Dar es Salaam, na wafuasi wake wakafunzwa vita katika ardhi yetu. Septemba 17, 1972 zaidi ya elfu moja kati yao walivuka mpaka kuingia Uganda. Kikosi kingine kilipangiwa kushuka Entebbe kwa ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, DC-9 iliyochukuliwa usiku Dar es Salaam. Ilitua hapa kwetu KIA, kiwanja ambacho hakikuwa kimetimiza hata mwaka tangu kifunguliwe. Matairi yakapasuka, na mpango wa Entebbe ukaishia pale pale. Walioingia kwa miguu nao walishindwa vibaya.

Idi Amin akafanya kile wanachokitaka wanaoniuliza: ndege zake zikazipiga Bukoba na Mwanza. Je, Nyerere alimfukuza Obote? Hakumfukuza. Kilichotuliza mpaka ni makubaliano ya Mogadishu ya Oktoba 1972, chini ya usuluhishi wa Siad Barre: majeshi yarudi nyuma kilomita 10, na kila upande uache kuwasaidia wapinzani wa mwenzake. Wapiganaji wakaondolewa mpakani, wakapelekwa mkoani Tabora. Obote akabaki Dar es Salaam.

Sitaficha kwamba mabomu yalichangia. Lakini yalichangia kwa sababu ya mambo ambayo hayakutoka angani. Uvamizi ulikuwa umeshafeli, jeshi letu lilikuwa bado dogo, na palikuwa na msuluhishi aliyekubalika pande zote mbili. Serikali yetu iliweza kurudi nyuma bila kuonekana imepiga magoti.

Miaka sita baadaye Amin alipiga tena, safari hii bila kumwachia mwenzake mlango. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, yakaua, yakapora, na yeye akatangaza kwamba eneo hilo lote hadi mtoni ni la Uganda. Novemba 2 Mwalimu alilihutubia taifa akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Uwezo, kwa kweli, ilibidi ujengwe kwa haraka: jeshi lisilofikia askari 40,000 likapanuliwa kwa wanamgambo hadi kupita 100,000. Nia ilikuwa ya Watanzania. Sababu, ambayo kwa miaka sita Nyerere hakuwa nayo mbele ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, aliileta Amin mwenyewe.

Na wale wageni aliowachukia waliishia wapi? Walinenepa. Wafuasi wa Obote waliokuwa wametulia Tabora wakapewa silaha na kuundwa Kikosi Maalum chini ya Tito Okello na Oyite-Ojok. Kikundi cha Yoweri Museveni, FRONASA, kilichoanza na watu wachache sana, kikafikia maelfu kabla vita havijaisha. Machi 1979 makundi ya Waganda yaliyokuwa yakigombana miaka yote yalikutana Moshi, mwendo usiotimia saa mbili kutoka hapa Arusha, yakaunda chama kimoja cha kushika serikali. Siku chache baadaye ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ikajaribu kuipiga Mwanza, ikakosa shabaha na kuua wanyama katika kisiwa cha Saanane. Aprili 11 Kampala ikaanguka.

Kwa hiyo mnaposema "ikiumia itawafukuza," mnadai mambo matatu kwa mpigo: kwamba serikali ile inawamudu wageni wake, kwamba inaogopa mabomu kuliko inavyoogopa aibu mbele ya wananchi wake, na kwamba wananchi wakilia watamlilia mgeni badala ya aliyewapiga. Bukoba haikumlaani Obote. Ilimlaani Amin, na bado inamlaani.

Dai la kwanza ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ndilo linaloua watu wengi. Yuko mwenyeji asiyetaka kuwatoa wageni, na yuko asiyeweza. Kongo ya mashariki mara nyingi ni huyu wa pili. Desemba 14, 2008 Uganda ilizishambulia kambi za waasi wake wa LRA katika msitu wa Garamba, na Kongo yenyewe ilikubali. Mwenyeji alishirikiana, tena kwa hiari. Kiongozi wa waasi hao, Joseph Kony, alikwishaondoka, kambi zikakutwa tupu, na wapiganaji wake wakatawanyika kwa makundi madogo. Kuanzia mkesha wa Krismasi waliingia Faradje, Doruma na vijiji vingine ambavyo hakuna aliyekuwa amepeleka hata mlinzi. Ndani ya wiki chache raia zaidi ya 800 walikuwa wameuawa, wengi kwa mapanga na marungu. Hao hawakumfuga mtu. Mtu akiniambia tena kwamba pigo moja kubwa linamaliza kazi, nitamwomba anieleze Faradje.

Msiruke sasa upande wa pili mkaniambia kwamba asiyempiga mtu hapigwi. Tanzania haikuwa imempiga mtu Agosti 7, 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Dar es Salaam na watu 11 kufa. Haikuwa na jeshi Cabo Delgado, Msumbiji, wavamizi walipotoka huko na kuingia Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020. Na nguvu za kijeshi zinaweza kufaa: Julai 2021 Msumbiji iliwaita Wanyarwanda, na Agosti 8 mji wa Mocímboa da Praia, huko huko Cabo Delgado, ukakombolewa. Vurugu zikasogea kusini, ndiyo, lakini mji haukuachwa mtupu. Walioukomboa walibaki kuulinda.

Basi la kufanya ni nini? Mwenyeji asiyetaka, mtafutieni msuluhishi, mpangieni umbali wa kurudi nyuma unaoweza kupimwa, na mwacheni atangaze kwamba ameshinda. Asiyeweza, ingieni kwa mwaliko wake au msiingie, na mkiingia mkae. Fungeni njia za dhahabu, mbao na risasi, maana kundi lisiloingiza pesa haliwezi kuwalisha wapiganaji wake. Wapeni wapiganaji wa chini msamaha wa kisheria, kama Uganda ilivyofanya mwaka 2000, na utangazeni redioni kwa lugha zao ili wajue pa kujisalimisha. Na kama ni lazima kupiga, walinzi wa vijiji vilivyo jirani na kambi wawe wamefika kabla ndege ya kwanza haijaruka.