Herufi saba za Dandora: umepata maneno mangapi?

Chukua kalamu uandike DANDORA kwa herufi kubwa. Zikate hizo herufi saba, zitawanye mezani, kisha ujipe dakika tano. Humo ndani mna maneno mangapi ya Kiingereza?

Yale rahisi yatakuja yenyewe: ROAD, AND, DAD, NOD. Kaza macho kidogo upate ADORN, yaani kupamba, na RADON, ile gesi ya somo la kemia. Halafu kuna DADA. Usicheke, Kiingereza nacho kina DADA, ule mtindo wa sanaa ulioanzia Zurich mwaka 1916.

Sasa zigeuze herufi zile zile kwa Kiswahili: ndoa, dona, donda, doa, ada, nadra, randa. Na kama baze yenu inakubali Sheng, kuna rada. Mtaa wako una maneno mengi kuliko ulivyodhani.

Hii kazi ya kupekua herufi ina mchezo wake, na huenda umewahi kuuona kwenye kabati la shule ukiwa umefungiwa: Scrabble. Aliyeubuni ni Mmarekani Alfred Butts, msanifu majengo aliyepoteza kazi wakati uchumi wa dunia ulipoporomoka miaka ya 1930. Jamaa hakuwa na ajira, basi akaketi na magazeti akihesabu ni herufi gani hutokea mara nyingi na zipi ni adimu. Ndiyo maana E ziko 12 na zina pointi moja moja, huku Q na Z zikiwa moja moja na kila moja ina pointi 10. Mwaka 1948 mchezo uliingia sokoni kwa jina hilo la Scrabble.

Unashika herufi saba kwa wakati mmoja. Ukizimaliza zote kwa mpigo, unaongezewa pointi 50. Hapo ndipo mbivu na mbichi hujulikana.

Na hapo ndipo wewe wa Dandora una silaha ambayo mtoto wa London hana. Kamusi ya Collins, inayotumika kwenye mashindano mengi ya kimataifa ya Kiingereza, imejaa maneno yetu. UGALI limo. MZEE limo, na kwa sababu ya ile Z unaanza na pointi 15. KANZU ni 18. Yapo pia UHURU, BWANA, PANGA, ASKARI, DUKA, BOMA na UJAMAA. HARAMBEE lina herufi nane, kwa hiyo ukipata moja ikiwa tayari kwenye ubao, saba zako zinaisha na 50 ni zako.

Lakini ninalolipenda zaidi ni MATATU. Kiingereza kililichukua neno letu kikalipa wingi wake: MATATUS. Hesabu herufi: saba. Pointi tisa za neno, ongeza 50, jumla 59 kabla hata ya miraba ya rangi inayozidisha. Mpinzani asiyewahi kuning'inia mlangoni mwa matatu ya kwenda tao ataliangalia hivi, akune kichwa, apinge. Kamusi itafunguliwa, na yeye ndiye atakayeumia. (UGALIS pia linakubalika. Hakuna mama yeyote wa Phase 4 aliyewahi kupika ugalis, lakini sheria ni sheria.)

Mabingwa hawakai wakisubiri neno liwajie kama ndoto. Wanatenga kwanza mikia: ING, ED, ER, S. Kisha vichwa: RE, UN, OUT. Ukishaweka ING kando, umebaki na herufi nne tu za kuumiza kichwa. Wengine hupanga herufi zao kwa mfuatano wa alfabeti, kisha wanazichanganya tena na tena mpaka jicho linase kitu. Na maneno ya herufi mbili usiyadharau. QI, ZA na XU ni madogo, lakini yanakuondolea mizigo mizito pembeni pa ubao.

Mwaka 2015 kule Perth, Australia, Mnigeria Wellington Jighere alimchapa Mwingereza Lewis MacKay michezo minne kwa bila katika fainali, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Timu ya Nigeria ilijulikana kwa ujanja wake: badala ya kukimbilia neno refu kila mara, wachezaji waliweka maneno ya herufi nne au tano, wakabaki na herufi nzuri mkononi na kumbana mpinzani. Miaka miwili baadaye mashindano ya ubingwa wa dunia yalikuja hapa hapa Nairobi.

Sasa tuseme ukweli. Wengi wetu tulikutana na Kiingereza kama adhabu. Unakumbuka kile kibao kilichozungushwa darasani, aliyeponyoka Sheng akakivaa shingoni mpaka jioni? Ukitoka hapo unakua ukiamini kuwa lugha hiyo ni ya watu wa mitaa mingine, na siku ya mahojiano ya kazi ulimi unakuwa mzito hata kama jibu unalo. Scrabble haitakufundisha kuongea. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kujua kuzungumza Kifaransa. Alikariri kamusi tu. Ila ukishazoea kulivunja neno la Kiingereza na kuliunda upya kwa mikono yako, ile hofu inapungua. Huo ndio mtaa wa Kalamashaka bwana, wasee walioyakunja maneno mpaka yakatii, na hawakuomba ruhusa ya mwalimu.

Ubao wa dukani ni bei ghali, kwa hivyo tengeneza wako. Kadibodi ya miraba 15 kwa 15, na vizibo 100 vya soda, vile vile mnavyochezea drafti. Andika hivi: E 12, A na I tisa tisa, O nane, N, R na T sita sita, D, L, S na U nne nne, G tatu, B, C, F, H, M, P, V, W na Y mbili mbili, J, K, Q, X na Z moja moja, viwili viache vitupu, hivyo vinasimama badala ya herufi yoyote. Mkicheza kwa Kiswahili, ongezeni K. Kwa hesabu ya Butts huwezi hata kuandika KAKA bila kutumia kizibo kitupu.

Kuna programu za simu zinazokutajia kila neno ukishaingiza herufi. Zitumie baada ya mchezo, kuona ulichokosa. Ukizifungua katikati ya mchezo, wasee wa koti watakutoa mbio, na watakuwa na haki.

Za kuanzia leo: A, E, I, N, R, S, T. Lazima utumie zote saba. RETAINS na NASTIER nimekupa bure. Yamebaki mengine kadhaa.