Wakala wa akili mnemba akikuuliza "Niendelee?"

Ukilipia kitu mtandaoni kwa M-Pesa, kuna hatua moja ambayo mashine haiivuki bila wewe. Unaandika namba ya simu, kisha simu inakuletea ombi: unamlipa fulani, kiasi fulani, weka namba ya siri. Usipoweka, hakuna malipo. Basi. Wazo hilohilo sasa linaingia kwenye akili mnemba.

Wakala wa akili mnemba ni programu inayotumia modeli ya lugha kama zile zilizo nyuma ya ChatGPT, ila haishii kujibu maswali. Unampa kazi na zana: asome barua pepe, afungue tovuti, abadilishe faili, anunue tiketi. Kazi inaweza kuchukua saa nzima, na wewe huwezi kukaa ukimtazama. Kwa hiyo akifika penye uamuzi mzito anasimama, na simu yako inapata arifa yenye vitufe viwili: Kubali na Kataa.

Arifa hiyo inafikaje? Haitoki kwa wakala moja kwa moja. Kwenye iPhone inapitia seva za Apple. Kwenye simu nyingi za Android inapitia za Google. Simu huweka njia moja wazi na seva hizo, na programu zote zinaitumia kwa pamoja. La sivyo, kila programu ingekuwa inauliza "kuna jipya?" kila mara, na chaji isingefika jioni. Lakini bahasha yenyewe ni ndogo, kwa kawaida haizidi baiti 4,096, na hakuna anayekuhakikishia kwamba itafika kwa wakati. Simu ikizimika au bando likiisha, ombi linasubiri, na linaweza hata kupotea.

Kutokana na hilo, mtengenezaji makini hufuata kanuni mbili. Kwanza, ukimya si ruhusa: usipojibu, wakala asiendelee. Pili, ruhusa iwe na muda wa kuisha. Tuseme uliulizwa saa 3 asubuhi kuhusu tiketi ya basi ya shilingi 45,000, ukajibu saa 10 jioni wakati bei imeshapanda. Ulichokubali asubuhi hakipo tena, hivyo inabidi uulizwe upya.

Hapo ni upande wa mashine. Upande wa binadamu ndio mgumu zaidi.

Septemba 2022 mdukuzi aliingia kwenye mifumo ya kampuni ya Uber. Tayari alikuwa na nywila ya mkandarasi mmoja. Kilichomzuia ni uthibitisho wa pili kwenye simu. Akajaribu kuingia tena na tena, na kila mara simu ya mkandarasi ikaomba akubali. Alikataa mwanzoni, mwishowe akakubali. Mbinu hii imeenea kiasi kwamba Mei 2023 Microsoft ilianza kulazimisha watumiaji wa programu yake ya Authenticator waandike namba wanayoiona kwenye skrini ya kuingilia, badala ya kubonyeza tu "Kubali". Lengo ni kwamba lazima usome kabla kidole hakijatangulia.

Wakala anayeuliza kila kitu anakuchosha vilevile, hata kama hana nia mbaya. Ombi la kwanza unalisoma neno kwa neno. La arobaini unabonyeza huku unavuka barabara. Na mambo yakiharibika utaambiwa, "Si ulikubali mwenyewe?" Hapo arifa imegeuka njia ya kukutwisha lawama ya uamuzi ambao kwa kweli hukuufanya.

Dawa si kuongeza maswali, ni kuyachagua. Jiulize: jambo hili likifanyika, linaweza kurudishwa nyuma? Kuandika rasimu ya barua hakuhitaji ruhusa, kuituma kunahitaji. Kusoma faili si sawa na kuifuta. Pesa ikishatoka, kuirudisha ni kazi.

Kuna mtego mwingine: nani anaandika maneno ya ombi? Ukurasa wa tovuti unaweza kufichwa maagizo yanayomlenga wakala, naye akayafuata akidhani ni yako. Wakala aliyedanganywa anaweza kukuandikia "Nimalizie malipo ya tiketi?" huku pesa ikienda kwingine. Ndiyo maana jina la mpokeaji na kiasi vichukuliwe na programu kutoka kwenye muamala wenyewe, visitegemee maelezo ya wakala.

Kwa hiyo ukianza kutumia mawakala hawa, angalia kila ombi linasema nini. Kama halionyeshi ni kitendo gani, kinamgusa nani, kwa kiasi gani, na kama kinarudishika, bonyeza Kataa. Ukikataa, wakala anaweza kukuuliza tena kwa maelezo bora. Ukikubali, huenda usipate nafasi hiyo.