Kuvuma, Kulia na Kutatarika: Namna ya Kutambua Chanzo cha Kelele za Umeme katika Redio ya Gari

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kutafuta chanzo cha sauti zisizotakiwa katika redio ya gari ambayo mwenyewe ameifunga nyumbani. Mazingira yanayolengwa ni kaunti za Migori na Homa Bay, magharibi mwa Kenya. Huenda msomaji akajiuliza suala hili linamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili. Ukweli ni kwamba katika eneo hilo hukutana wasemaji wa Kijaluo, Kikuria, Kisuba na Kikisii, na mpaka wa Isebania na Sirare huwaleta wasafiri wa Tanzania. Mwenye gari na fundi wasipokuwa na lugha ya mama moja, Kiswahili ndicho huwapatanisha. Mteja anayesema tu kwamba redio "inapiga kelele" hajamweleza fundi lolote. Anayesema kwamba inavuma, inalia au inatatarika amekwisha kumpa nusu ya jibu. Neno lisilo sahihi humgharimu fedha, kwa kuwa hununua vifaa ambavyo havikuwa na kasoro.

Kwa nini redio hubadilishwa

Magari mengi ya mitumba nchini Kenya hutoka Japani. Kwa miaka mingi redio za magari hayo zilitengenezwa kupokea masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90; baadaye kikomo cha juu kilisogezwa hadi 95. Vituo vya Kenya hurusha matangazo kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo, dereva wa Rongo au Mbita aliyenunua gari la aina hiyo hukosa sehemu kubwa ya vituo vyake. Wengine huongeza kifaa cha kubadili masafa, na wengine hung'oa redio na kufunga nyingine pamoja na amplifaya na spika kubwa. Hapo ndipo waya zinapokatwa na kuungwa upya, na kelele hupata mlango.

Umeme wa gari na uchafu wake

Betri ya gari dogo iliyojaa na kutulia huwa na takriban volti 12.6. Injini ikizunguka, alteneta huipandisha hadi baina ya 13.8 na 14.4. Alteneta hufanya kazi kwa kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, yaani sumaku inayozunguka karibu na waya huzalisha umeme. Umeme huo ni wa mkondo geu, na dayodi huugeuza kuwa mkondo wa upande mmoja. Hata hivyo, ugeuzaji haukamiliki kabisa, bali viwimbi vidogo hubakia. Kwa kawaida betri huvituliza, lakini dayodi ikiharibika au waya zikifungwa vibaya, viwimbi hivyo hupenya hadi kwenye spika.

Chanzo cha pili ni cheche za plagi. Tatizo hili lina umri sawa na redio ya gari yenyewe. Kampuni ya Paul Galvin ya Chicago ilipotoa redio ya gari iliyoitwa Motorola mwaka 1930, cheche hizo zilikuwa miongoni mwa vikwazo ambavyo wahandisi walilazimika kuvishinda.

Chanzo cha tatu, ambacho ndicho cha kawaida zaidi katika redio zilizofungwa nyumbani, ni waya wa ardhi. Istilahi hii ni isitiari. Gari husimama juu ya mipira, wala halikuunganishwa na udongo. "Ardhi" yake ni bodi ya chuma inayorudisha umeme kwenye ncha hasi ya betri. Kadhalika, waya chanya huitwa "waya wa moto" ingawa haukuwashwa. Iwapo redio imefungwa ardhi mahali pamoja na amplifaya mahali pengine penye kutu au rangi, tofauti ndogo ya volti huzuka baina yao. Umeme hupita ndani ya waya wa sauti ili kuisawazisha, nao husikika kama mvumo.

Kusikiliza kabla ya kufungua

Kiswahili kina vitenzi vingi vya sauti, na kila kimoja hapa kina kazi yake. Redio inayolia kwa sauti nyembamba inayopanda kila mafuta yanapokanyagwa huelekeza kwenye alteneta au waya wa ardhi. Inayotatarika kwa mpigo unaofuata mwendo wa injini huelekeza kwenye plagi na waya zake. Inayovuma kwa sauti ileile hata injini ikiwa imezimwa huelekeza kwenye amplifaya, waya za sauti au kifaa kingine kilichowashwa. Inayokwaruza gari likipita kwenye mashimo huelekeza kwenye kiungo kilicholegea.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, redio iwashwe injini ikiwa imezimwa. Kelele ikitoweka, chanzo kinahusiana na injini. Pili, mtu ahame kutoka FM hadi diski au flashi. Kelele ikisikika kwenye FM pekee, antena na kiungo chake vichunguzwe. Ikisikika kote, umeme au ardhi ndiyo yenye kasoro. Tatu, sauti ipunguzwe hadi sufuri. Kelele isiyopungua huingia baada ya kidhibiti sauti, yaani kwenye waya za sauti au amplifaya. Nne, redio na amplifaya zikiwa zimezimwa, waya za sauti zichomolewe kwenye amplifaya, kisha vyote viwashwe tena. Kelele ikikoma, ilikuwa ikipitia waya hizo. Ikiendelea, umeme au ardhi ya amplifaya ichunguzwe. Tano, chaja ya simu ichomolewe. Simu inayochajiwa garini huku ikicheza muziki kwa waya mara nyingi huleta mvumo.

Tiba

Kabla ya kugusa waya, ncha hasi ya betri ifunguliwe. Mahali pa ardhi pakwanguliwe kwa msasa hadi chuma kitupu kionekane, waya uwe mfupi na mnene, na nati ikazwe. Inapowezekana, redio na amplifaya zifungwe ardhi mahali pamoja. Waya wa moto upitishwe upande mmoja wa gari na waya za sauti upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba. Waya wa moto wa amplifaya uwe na fyuzi karibu na betri, isizidi takriban sentimita 45. Fyuzi inayokatika mara kwa mara haibadilishwi kwa kipande cha waya, kwani hiyo ni njia ya kuliunguza gari. Kichujio cha kelele kinunuliwe mwisho, baada ya hatua hizi kushindwa, maana huificha kasoro pasipo kuiondoa.

Hitimisho

Imeonekana kwamba uchunguzi wa kelele huanza sikioni na kupitia ulimini kabla ya kufika mkononi. Aidha, imedhihirika kuwa istilahi za karakana, kama vile "moto" na "ardhi", zimejengwa kwa isitiari zinazoeleweka na wote. Wanaistilahi wamejitahidi, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Lakini maneno yanayotumika chini ya boneti huko Awendo au Oyugis hayapatikani yote vitabuni. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeyakusanya, akauliza kila neno linataja nini hasa, atakuwa amemsaidia fundi, mwenye gari na lugha yenyewe.