IBISAZI, ERISIRE, WAZIMU: UGONJWA HUU UNA DAWA



Mtu akianza kuongea peke yake, kuvua nguo njiani au kurusha mawe, majirani husema amerogwa. Familia huona haya, na pengine humfunga kamba nyuma ya nyumba. Makala hii inaeleza kwa nini mtu huyo aletwe kituo cha afya.

Utafiti umeonyesha nini?

Daktari Peter Ventevogel, Mholanzi, alifanya kazi Burundi miaka ya 2000 na shirika la HealthNet TPO. Yeye na wenzake waliuliza wanajamii katika sehemu nne zilizopita katika vita: Kibuye hapa Gitega, Butembo nchini Kongo, na sehemu mbili za Sudan Kusini. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Kila sehemu watu walikuwa na jina la ugonjwa unaovuruga sana akili na mwenendo: ibisazi kwa Kirundi, erisire kwa Kinande, mamali kwa Kikakwa. Tena waliutofautisha na huzuni ya kufiwa na kupotelewa, ambayo Warundi huiita akabonge.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, dalili unazijua tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni kujua kwamba msaada upo.

Ni magonjwa gani?

• Skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kuwa watu wanataka kumdhuru, hujitenga, haogi. Mara nyingi huanza katika ujana.

• Bipola. Kuna kipindi mgonjwa halali, anaongea mbio, anagawa mali yake, anajiona mkubwa kuliko wote. Baadaye huanguka katika huzuni nzito. Ukimwona wakati huo tu, utadhani ni akabonge. Kwa hiyo mweleze muuguzi na yale yaliyotangulia.

Magonjwa haya hayaambukizi. Kula naye sahani moja hakuna hatari.

Je, matibabu ya karibu yanawezekana?

Ndiyo. Zamani ilibidi kwenda mbali, kwa mfano Kamenge, Bujumbura, kwenye kituo cha magonjwa ya akili kilichofunguliwa mwaka 1981. Kuanzia mwaka 2000, HealthNet TPO ilifundisha wasaidizi wa jamii, kisha kliniki za akili zikafunguliwa katika hospitali za mikoa. Kati ya 2006 na 2008 kliniki hizo ziliandikisha karibu watu 10,000, nao walitibiwa zaidi ya mara 60,000. Asilimia 65 walikuwa na kifafa, ambacho nacho watu wengi hukidhania kuwa ni uchawi.

Dawa zinafanyaje kazi?

Dawa kama haloperidoli hupunguza sauti na hofu, lakini si siku ya kwanza. Huchukua siku hata majuma. Mgonjwa akitetemeka au akikaza shingo, usiitupe dawa. Rudi kwa muuguzi abadilishe kipimo. Wengi huacha dawa wakijisikia vizuri, na ugonjwa hurudi. Kwa kawaida dawa huendelea angalau mwaka mmoja baada ya dalili kwisha. Mwanamke mwenye mimba, au anayeweza kushika mimba, aseme kabla ya kupewa dawa, kwa sababu valproati inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Ufanye nini?

1. Akichanganyikiwa ghafla na ana homa, mpeleke upesi siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa malaria ya ubongo.
2. Usimfunge, usimpige, usimnyime chakula.
3. Ukipenda kumpeleka kwenye maombi, mpeleke, lakini dawa isikatwe.
4. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake. Mwite mhudumu wa afya.
5. Hakikisha anapata posho yake, na akipata nafuu mpe kazi ndogo: kuchota maji, kupalilia.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Mgonjwa aliyefichwa nyuma ya nyumba hawezi kupona. Mlete kituo cha afya mapema, naye anaweza kurudi shambani, shuleni na katika familia yake.