Msamiati wa Maumivu katika Mashamba ya Chai

Maumivu hukamilika ubongoni. Kiungo kinapodhurika, neva hupeleka ishara kwenye uti wa mgongo, kisha ubongoni. Mnamo 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una mfano wa lango linaloweza kupunguza au kuzidisha ishara hizo. Hivyo basi, ukali wa maumivu haulingani daima na jeraha linaloonekana, na maneno ya mgonjwa huwa sehemu ya ushahidi. Ndiyo sababu Melzack, mwaka 1975, alichapisha hojaji yenye maneno 78 ya Kiingereza ya kueleza maumivu, yaliyopangwa katika makundi 20.

Suala hili lina uzito wa pekee Kericho na Bomet. Katika mashamba makubwa ya chai wamefanya kazi Wakipsigis, Wakisii, Waluo na Waluhya, na Kiswahili huwaunganisha shambani na zahanatini. Mchumaji wa mkono hubeba kikapu mgongoni, na vidole vyake hurudia tendo lile lile kutwa. Akisema tu kwamba mkono unauma, amesema machache. Akisema kwamba kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi usiku, tabibu ana sababu ya kuchunguza neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Maumivu yanayochoma kutoka kiunoni hadi mguuni nayo huelekeza uchunguzi kwenye neva za mgongo. Kadhalika, kuwanga, kukeketa, kuchonyota na kichomi si visawe vya kuuma. Kila neno lina mahali pake mwilini na mwendo wake.

Usahihi huo una athari za kisheria pia. Wachumaji walioishtaki kampuni ya James Finlay (Kenya) huko Scotland, wakidai majeraha ya mgongo, walielekezwa na majaji wa rufani mwaka 2023 kupitia kwanza sheria ya Kenya ya fidia kwa majeraha kazini ya mwaka 2007. Katika madai ya aina hiyo, ripoti ya daktari ina nafasi kubwa. Mgonjwa husema kwa Kiswahili, ripoti huandikwa kwa Kiingereza; ganzi, mchomo na kuwanga vikifasiriwa kwa neno moja, dalili hupotea kabla ya kufika kwenye faili.

Kwa hiyo, wanaleksikografia wana kazi ya kufanya pamoja na matabibu: kukusanya maneno ya maumivu kutoka vinywani mwa wachumaji wenyewe, kuyapambanua, na kuyapima dhidi ya uchunguzi wa neva.